Mguu wa Kulia wa Nevzat

Nevzat hakai. Kama hujui hilo, hujui chochote juu yake. Miaka ishirini na minane amebeba chai katika mtaa wetu wa soko kongwe la Skopje, na miaka yote hiyo mimi Ristena, mshona mifarishi, ambaye mlango wangu unatazamana na mkahawa anakofanya kazi, sijapata kumwona ameketi. Anakula amesimama. Burek yake ya asubuhi, ule mkate wa matabaka wenye jibini, anaitafuna huku anatembea, makombo yanamwagika kifuani na njiwa wanamfuata nyuma. Ukimwambia, "Nevzat, hebu keti kidogo basi, unanitia kizunguzungu," anakujibu, "Nitakaa nikifa, jirani," na kabla hujafunga mdomo keshafika kwa wafua fedha.

Sinia lake linaning'inia kwenye fito tatu za chuma zinazokutana juu. Analishika kwa kidole kimoja na kulibembeza, glasi ishirini na sita za chai ya moto, na hakuna tone linalomwagika. Nyumbani kwao wanasema Kituruki. Na mimi anasema Kimasedonia, tena kizuri kuliko cha mkwe wangu. Akivuka kwa Mefail, mshona makubadhi, anageuza Kialbania bila hata kusita. Kwa Sterjo wa kofia, ambaye ni Mvlahi, anajua Kivlahi cha kutosha kumtukania nacho, na Kiroma anakitumia kuimba, kwa sababu anasema lugha nyingine zote hazina nyimbo za kubebea chai.

Lakini mtaa haukumpenda kwa ndimi zake. Ulimpenda kwa mguu.

Sikiliza. Sisi watu wa mtaa huu hatukubaliani juu ya kitu. Krismasi yangu ni Januari, ya yule Mkatoliki fundi wa saa ni Desemba, Idi inahamahama. Mlima ule unaouona kule ng'ambo una majina mawili, na ukitaja moja mbele ya mtu asiyefaa, umejiharibia siku. Hata maharage ya kupikwa chunguni, kila mtu anaapa ya kweli ni ya mama yake. Ila kwa jambo la mguu wote ni dini moja: mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako asubuhi ndiye anayekufungulia siku. Akiwa na mguu mzuri, utauza. Akiwa na mguu mbaya, funga tu urudi kwako ukalale.

Na mguu wa Nevzat ulikuwa mzuri ajabu. Wiki yake ya kwanza kazini aliingia kwa Sterjo, ambaye alikuwa hajauza kofia siku kumi na moja, amenuna hata salamu haitikii. Akaweka glasi mezani, akatoka. Kabla chai haijapoa, kikundi kizima cha wacheza ngoma za asili kikaingia kutafuta kofia za sherehe. Sterjo alimkimbilia barabarani akambusu kichwani. Baadaye Mefail alipojenga nyumba mpya, Nevzat ndiye aliyeombwa avuke kizingiti wa kwanza, mguu wa kulia, na mwaka huohuo mke wa Mefail akajifungua mapacha. Basi! Ukawa wazimu. Asubuhi ya Krismasi yangu, Mturuki Mwislamu ndiye aliyekuja kunifungulia nyumba, na mama yangu, Mungu amrehemu, mwanamke aliyefunga Kwaresima zote mpaka akabaki mifupa, alimngojea dirishani tangu alfajiri. Tukagombana nani afunguliwe kwanza, mpaka ikabidi tupange zamu: Jumatatu Sterjo, Jumanne Mefail, Jumatano mimi, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa mtaa. Nevzat alikuwa akikimbia, anaingia kwa mguu wa kulia, anasema, "Heri kwenu," anatoka. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuwa na furaha kama ile ya kutakiwa na watu wasiotakana.

Sasa niseme la Januari iliyopita. Nilikuwa napanga kulisema taratibu lakini halisemeki taratibu.

Jumatatu, Nevzat alimfungulia Sterjo. Saa nne Sterjo akapanda ngazi kushusha kofia za manyoya, ngazi ikateleza, akavunjika mguu. Jumanne alimfungulia Mefail. Bomba la maji lililoganda kwa baridi likapasuka, na ngozi zote za Mefail za msimu mzima zikaloa. Jumatano alinifungulia mimi. Nikafungua gunia la sufu niliyoinunua vuli, nikatia mkono ndani, nikautoa umejaa nondo. Gunia zima! Nondo wanapanda, wananiingia nywele, mimi napiga kelele.

Mchana ule tulikusanyika penye chemchemi ya mawe, pale katikati ya mtaa tunapochota maji na kusemana. Kila mtu anatoa lake. Na mimi nilikuwa na hasira, nina nondo mpaka kwenye soksi, na mdomo wangu nikiwa na hasira haunisikilizi. Nikasema, "Jamani, mimi simsemi mtu. Ila siku tatu, maduka matatu, na wote katufungulia nani?"

Mefail alitazama viatu vyake. Mfua fedha akakohoa. Wakatawanyika mmojammoja, na mimi nikarudi dukani nikijiambia kwamba sijasema kitu, nimeuliza swali tu.

Kwetu, mwenye duka akitoka kidogo hafungi mlango. Analaza kiti mlangoni. Mwislamu akienda kuswali, Mkristo akienda kuwasha mshumaa, yeyote akienda kunyoa ndevu, kiti mlangoni, na maana yake ni moja: sipo, narudi. Hakuna anayevuka kiti. Hata wezi wa mtaa huu, na tunao, hawavuki kiti.

Alhamisi saa moja asubuhi Nevzat alitokea mkahawani na sinia lake. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya rundo la mifarishi, na kiti changu chekundu nimeshakilaza mlangoni. Nilifikiri ni mimi peke yangu mwenye moyo mbaya. Nikachungulia kwenye ufa. Ala! Kwa Mefail, kiti. Kwa mfua fedha, kiti. Kwa Mkatoliki wa saa, ambaye kanisani hajaonekana tangu abatizwe, kiti. Huku na huku, mtaa mzima, viti. Alhamisi asubuhi, si sikukuu ya mtu yeyote, watu wote tumekuwa wacha Mungu!

"Chai!" Nevzat akaita kwa Kimasedonia. Kimya. Akaita kwa Kialbania. Kimya. Akaita kwa Kituruki, na sauti yake ikawa ndogo kidogo. Akatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, sinia limejaa, mvuke wa chai unapungua. Akasimama penye chemchemi akacheka peke yake. "Leo wote mmekwenda kusali! Niombeeni na mimi basi."

Halafu alikuja mlangoni kwangu. Nilibana pumzi. Nondo mmoja alitembea shingoni mwangu na sikuthubutu kumpiga. Kiti changu nilikuwa nimekilaza haraka, kimekaa upande, mguu mmoja umetokeza njiani. Nevzat aliinama, akakinyoosha vizuri ili asije mtu akajikwaa, akaenda zake. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Lakini kiti sikukiondoa mpaka aliposimama mlangoni mteja wa kwanza, mwanamke fulani wa kuuliza bei ya mito. Wengine wote walifanya hivyohivyo. Saa tatu viti vikawa vimeondoka, tukawa tunasalimiana kana kwamba hakuna kitu.

Mwenye mkahawa anaitwa Shenol. Si mtu mbaya, ila biashara yake ni ya asubuhi. Mchana vijana wanaagiza kwa simu na kuja wenyewe. Nilimsikia jioni ile, mlango kwa mlango kila kitu kinasikika. "Nevzat, ndugu yangu, glasi ishirini na sita nimemwaga. Nakupa wiki ijayo yote, hadi Ijumaa. Sinia likiendelea kurudi limejaa, nalitundika ukutani. Wewe utaingia ndani, uoshe glasi. Kazi ipo, mshahara uleule."

"Nioshe nimesimama wapi?"

"Pale penye sinki. Kuna stuli, utakaa."

"Nitakaa?" alisema Nevzat.

Wiki ile aliyoifanya Nevzat sijui nicheke au nilie. Jumatatu alikuja na viatu vipya, akidhani labda ni viatu. Jumanne akaenda kwa imamu, akasomewa. Jumatano nikamwona anatoka kanisani kwetu na viatu vimeloa, kasisi kavinyunyizia maji ya baraka. Nikamsikia anamwambia Shenol, "Sitaki kuacha hata mmoja, asije akanuna." Alhamisi akapanda kwa Bi Sevdija, yule mama wa Kiroma anayeyeyusha risasi na kuimwaga kwenye maji baridi ili aone kilichokupata. Risasi ikatoka umbo la kijiko. Bi Sevdija akamwambia ni dalili ya kula vizuri. "Kula nitakula, mama," akamwambia, "swali langu ni kama nitatembea."

Na kila asubuhi, viti. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kuondoa. Mefail aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi simwogopi Nevzat. Naogopa bomba." Nikamjibu, "Na mimi naogopa nondo," tukaachana kila mtu na aibu yake. Nevzat alikuwa akizunguka haraka zaidi kila siku, kana kwamba akikimbia sana atamkuta mtu kabla hajalaza kiti. Shati limemlowa mgongoni Januari ile yenye barafu! Ijumaa alirudi na glasi ishirini na sita. Shenol alichukua sinia, akalipangusa kwa kitambaa, akalitundika kwenye msumari.

Jumamosi Nevzat hakuja.

Wewe hujui mtaa ukikosa mlio wa vijiko vya sinia lile unavyokuwa. Nilikaa na sindano mkononi, natoboa kitambaa, nafumua, natoboa. Saa mbili. Saa tatu. Nikafungua mlango, nikaufunga. Mguu wangu mmoja ulikuwa unachezacheza chini ya meza, na nikauona, nikauambia, "Na wewe tulia!" Mwishowe nikaitupa sindano, nikalaza kiti mlangoni, mara hii kwa haki kabisa, nikapanda kilimani nyuma ya mnara wa saa. Miaka ishirini na minane huyu mtu kafungua nyumba yangu, na nyumba yake ilibidi niulize kwa watu ni ipi.

Chumba kimoja na jiko, mlango wa bluu. Na mlangoni, kiti kimelazwa.

Nikasema moyoni, yupo huyu, kajifunza kwetu. Nikakisogeza kile kiti. Ndiyo, nilivuka kiti, mimi Ristena, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaingia, na nilichokiona kilinishtua kuliko kama ningemkuta amezimia. Nevzat alikuwa amekaa. Amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, miguu mitupu juu ya sakafu, anaitazama kana kwamba si yake.

"Nani kakuruhusu?" akauliza, bila kuinua uso.

"Hakuna. Nevzat, nisikilize. Ni mimi niliyesema. Pale kwenye chemchemi. Neno lile nimelianzisha mimi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nyuma ya chemchemi na sinia, jirani. Nilikuwa nakuletea chai. Niliona una nondo kichwani, nikasema nimpelekee ya moto, atulie."

Kumbe alijua. Alijua alipokinyoosha kiti changu, alijua siku zote zile alipopita na kunisalimia. Machozi yalinitoka na mimi si mtu wa machozi, muulize mkwe wangu.

"Sasa kwa nini hukunitukana?"

"Kwa lugha gani?" akasema. "Na kama ni kweli? Sterjo kavunjika. Mimi huwa sielewi ule mguu ulikuwa na nini tangu mwanzo. Nyie ndio mlisema mzuri. Nikaamini. Sasa mmesema mbaya, nianze leo kubisha?"

Hapo hasira ikanirudia, na nikafurahi kwa sababu hasira naiweza. "Inuka."

"Nimechoka, Ristena." Hajawahi kuniita kwa jina.

"Inuka nakwambia! Nani huja hapa asubuhi ya Idi? Nani anakufungulia wewe?"

Akafikiri. "Mimi huwa nimeshatoka."

"Basi leo nimekufungulia mimi, tena kwa mguu wa kulia, nimeangalia. Kama siku yako ikiharibika, nilaumu mimi, tutakuwa tumelipana. Vaa viatu."

"Mguu umekufa ganzi. Umekaa tangu jana."

"Nitakuburuta."

Na nusura nimburute kweli. Tulishuka kilimani yeye anachechemea, mimi namshika mkono wa shati, tukaingia mkahawani. Nikamwambia Shenol, "Shusha sinia. Glasi zote ishirini na sita, duka la mifarishi."

"Zote? Una wageni?"

"Nina kiu."

Shenol alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Leo tu," akasema. "Jioni nitaona." Akalishusha.

Tukavuka barabara. Mtaa mzima ulikuwa milangoni, maana habari kwetu hutangulia mtu. Nilikiondoa kiti changu chekundu, nikakiinua juu kila mtu akione, nikakitupa ndani. "Pita," nikamwambia. Kutoka dirisha la juu, pale anapokaa na mguu wake wa plasta, Sterjo akatoa kichwa. Kumbe masikini wa Mungu siku zote zile hakuna aliyempandishia habari. Alipoambiwa, alifoka Kivlahi, halafu akafoka kwa lugha inayoeleweka: "Aliyevunjika mguu ni mimi, na nyie mnamtibu Nevzat! Ngazi ile mbovu tangu enzi za baba yangu! Niletee chai, mpumbavu wewe!"

Nevzat alivuka kizingiti changu. Mguu wa kulia. "Heri kwenu," akasema. Akapanga zile glasi kwenye meza ya kukatia, zingine juu ya mashine, zingine dirishani. Kisha akachukua moja akampelekea Sterjo, na nilimsikia anapanda ngazi mbilimbili.

Sasa tukangoja. Mefail alikuwa mlangoni kwake kafunga mikono kifuani. Wafua fedha walikuwa wanajifanya wanapangusa vioo. Walikuwa wanangoja niuze. Mimi nilikuwa nangoja zaidi yao.

Hakuna aliyekuja.

Saa tano, hakuna. Saa saba mwanamke mmoja aliyekuja kununua kwa Mefail akaletwa kwangu, kwa sababu kwetu aliyekwisha kuuza mara moja lazima amwelekeze mteja anayefuata kwa jirani ambaye hajauza, na Mefail, pamoja na woga wake wote, ana adabu. Mama yule alishika mifarishi yangu yote. Aliipapasa, akaikunjua, akainusa. Akasifu ule mwekundu wa satini, niliokuwa nimeushona wiki sita kwa ajili ya dirishani. Akasema atamwuliza mumewe. Akaenda. Nilitamani nimvute koti. Saa tisa, hakuna. Nilikunywa chai glasi tisa ili nifanye kitu, moyo ukawa unanipiga kama mashine ya kushonea. Nevzat alipita mara tatu, kila mara ananitupia jicho, kila mara natikisa kichwa kidogo na yeye anageuka upande mwingine upesi. Nilimlaani yule mama na mumewe. Nilimwambia Mungu maneno ambayo kasisi asiyasikie.

Saa kumi, jua bado liko juu ya paa la hamamu ya zamani, watu wakaanza kufunga. Mefail akapaza sauti, na alipaza makusudi, mtaa usikie:

"Enhe, dada! Mguu umelipa?"

Shenol alisimama mlangoni kwake, kitambaa begani. Nevzat alikuwa penye chemchemi, na kwa mara ya kwanza sinia lake lilikuwa limetulia kabisa mkononi.

"Mitatu!" nikasema. "Mifarishi mitatu! Pamoja na ule mwekundu!"

"Kwa nani?" akauliza Mefail. "Mimi sikuona mtu akitoka na mfarishi."

"Kwa simu, mshamba wewe! Watu wanaagiza kwa simu siku hizi. Nawapelekea mwenyewe sasa hivi." Nikaingia ndani, nikateremsha mifarishi mitatu rafuni, ule mwekundu juu, nikaifunga kwa kamba, nikajitwika mgongoni. Umewahi kubeba mifarishi mitatu ya sufu? Ni kama kumbeba mjomba mnene aliyelewa. Nikapita katikati ya mtaa nimeinama, najikaza kisabuni, nasalimia huku na huku. Nilipompita Nevzat sikumtazama. Niliogopa uso wangu utasema. Nikasikia tu nyuma yangu sauti ya Shenol: "Nevzat, kesho kutwa uje mapema, Jumatatu kuna watu wengi." Halafu vijiko vikalia kwenye glasi, maana sinia lilikuwa limeanza kubembea.

Mifarishi mitatu niliipandisha basi, dereva akanitoza kiti cha pili. Iko kwangu mpaka leo, chini ya kitanda. Mkwe wangu ameuliza mara mbili, akakoma.

Jumatatu asubuhi Mefail hakuwa na kiti mlangoni. Alikuwa amesimama barabarani, anazuia njia. "Kwangu kwanza! Wewe dada ulishafaidi Jumamosi!" Mfua fedha akasema zamu ni ya Sterjo, na Sterjo akapiga kelele kutoka juu kwamba hata kama duka limefungwa mguu ni wake, na wote watatu wakagombana kwa lugha tatu huku Nevzat katikati anabembeza sinia, anacheka mpaka meno ya nyuma. Mwishowe akaingia kwa Mefail. Nikarudi ndani kushona. Siku ile niliuza mito miwili, ya kweli, na nikasema moyoni, sasa basi, yamekwisha.

Jioni nikamsikia Mefail, mikono kiunoni, anautangazia mtaa mzima: "Jozi tisa! Jozi tisa za makubadhi, tena kwa siku moja! Mguu uko palepale!" Watu wakapiga makofi. Shenol akatoa chai ya bure. Nikafikiri, jozi tisa, Januari, kwenye theluji, nani anavaa makubadhi? Lakini nikapiga makofi na mimi.

Nilifunga duka nikaenda kituo cha basi kwa njia ya soko la mboga. Mbele yangu, hatua kama ishirini, nikamwona Mefail. Anatembea haraka, amejipinda, anageuka huku na huku. Mgongoni alikuwa na gunia, na kwenye tundu la gunia ilikuwa imechomoza ncha ya kubadhi jekundu.

Nikapunguza mwendo ili asinione.